Somo: Kutu kwenye breki za gari huku pwani, ipi uiache na ipi uitoe

Wadau wa Mtwara na Lindi, habari za kazi. Msimu wa mvua ukianza, maswali ni yale yale: "Nimeosha gari jana jioni, leo asubuhi diski zote zina rangi ya chungwa, nimekwisha?" Hujakwisha. Uso wa diski pale pedi zinapobana ni chuma kitupu, hakipakwi rangi, na upepo wetu una chumvi, uwe wa kusi au wa kaskazi. Toka taratibu, barabara ikiwa wazi kanyaga breki mara kadhaa, pedi zenyewe zitaikwangua. Mkwaruzo wa mwanzo wa safari usikutishe.

Ninayoiogopa mimi ni kutu isiyoonekana: kwenye pini za kalipa (kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski), kwenye vikalio vya pedi (pale pedi zinapokaa), na kati ya diski na habu (kitovu cha gurudumu, diski inapokaa). Hiyo haikwanguliwi na kitu mpaka ufungue. Kwa gari linaloshinda karibu na maji, Shangani, Mikindani au kule kwenye mashamba ya chumvi, fungua walau mara moja kwa mwaka, mvua zikiisha.

Andaa jeki, stendi, spana (Toyota ndogo nyingi hutaka namba 14 kwenye bolti za kalipa na 17 kwenye mabano yake, yaani kipande kinachoishikilia kalipa), brashi ya waya, msasa, dawa ya kupuliza ya kusafishia breki, kipande cha waya, barakoa, na grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya breki. Grisi ya kawaida ya bearing usiilete hapa, inavimbisha raba.

Hatua ya 1. Gari likae pagumu na tambarare. Mchanga wa Msimbati si mahali pa kupiga jeki. Zuia matairi yanayobaki chini kwa mawe, legeza nati kabla ya kunyanyua, kisha weka stendi. Fanya upande mmoja kwanza, wa pili ubaki mzima ili ukisahau kitu kinakaaje ukautazame.

Hatua ya 2. Toa tairi, fungua kalipa, uifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Na mtu yeyote asikanyage pedali wakati huo, pistoni (kile kinachosukuma pedi ndani ya kalipa) itachomoka.

Hatua ya 3, ambayo ndiyo somo lenyewe. Kalipa nyingi za magari yetu huteleza juu ya pini mbili. Zisukume kwa vidole: zinatakiwa ziingie na kutoka laini, bila kung'ang'ania. Pini iliyokwama unaijua hata kabla ya kuigusa, maana pedi ya ndani imeisha na ya nje bado nene, au rimu ya upande mmoja inachemka kuliko ya pili. Chomoa pini, futa grisi ya zamani, piga msasa laini mpaka ing'ae. Ikiwa imeliwa na vishimo, nunua nyingine, hakuna dawa. Angalia na vile vimpira vinavyoifunika: kikipasuka hata kidogo, maji ya chumvi yanaingia na mwezi ujao utakuwa hapo hapo. Paka grisi ya silikoni kiasi, usijaze tundu, hewa ikikosa pa kwenda pini inarudi nyuma yenyewe. Pini mbili zikitofautiana umbo, kila moja irudi tundu lake.

Hatua ya 4. Vikalio vya pedi piga brashi mpaka pedi iteleze kwa mkono. Vumbi usilipulize kwa kompresa wala mdomo, lilowanishe kwa dawa ulifute. Pedi ikibaki milimita 3, badilisha.

Hatua ya 5. Fungua mabano ya kalipa, kisha toa diski. Ikigoma, igonge kwa nyundo ya raba huku ukiizungusha. Uso wa habu usugue mpaka chuma kionekane: gamba dogo kuliko unene wa unywele linatosha kuifanya diski iyumbe na usukani utetemeke ukifunga breki. Pembeni ya diski tafuta maandishi MIN TH, hicho ndicho kipimo cha chini kabisa cha unene. Unene ukiwa chini yake, diski ni chuma chakavu.

Hatua ya 6. Futa diski kwa dawa, rudisha kila kitu, kaza nati kwa kuvuka, moja kisha ya upande wa pili (nguvu ya kukazia kwa Toyota ndogo nyingi ni Nm 103). Kabla gari halijasogea, piga pedali mpaka iwe ngumu. Kabla halijasogea, narudia.

MASWALI

Mdau wa Mikindani: Fundi aliniambia nipake oili diski isishike kutu gari likipaki.

Jibu: Mkuu, hapana. Oili ikinyonywa na pedi, breki huna. Rangi ya kuvumilia joto unaweza kupaka kwenye kitovu cha diski na mwili wa kalipa, si pale pedi zinapobana.

Mdau wa Lindi mjini: Niliacha gari na hendibreki, nikaenda Liwale kwenye korosho. Nimerudi, magurudumu ya nyuma hayazunguki.

Jibu: Nyuma gari lako lina breki za dramu: shuu za ndani, zinazofanya kazi ya pedi, zimeshikana na dramu kwa kutu. Achia hendibreki, jaribu kwenda mbele na nyuma taratibu. Ikigoma usikanyage mafuta kwa hasira, unaweza kung'oa utando wa shuu, ule unaosuguana na dramu. Toa tairi ugongegonge dramu kwa nyundo ya raba. Siku nyingine, kwa mapumziko marefu, weka gia na jiwe, hendibreki usiivute.

Dada wa Ligula: Ndimu inatoa kutu kweli?

Jibu: Inatoa, ndiyo, kwenye pini au bolti uliyoichomoa. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha papo hapo. Kwenye kalipa yenye raba usiimwage.

Mdau wa Msimbati: Gari likipita maji ya bahari nifanyeje?

Jibu: Breki zikishapoa, mwagia maji mengi yasiyo na chumvi ndani ya rimu, halafu endesha ukigusa breki mpaka zikauke. Usioshe ukalipaki. Na ukiwa chini huko, tazama bomba za chuma za mafuta ya breki: zenye kutu ya kubanduka magamba hazipakwi rangi wala hazifungwi gundi, zinabadilishwa.