Guangzhou kwa mara ya kwanza: andaa simu kabla ya begi

Watu huogopa Kichina. Kichina kina njia zake za kukizunguka, lakini simu ambayo haijaandaliwa haina dawa. Mtu anashuka Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, na dola zake kiunoni, WhatsApp haifunguki, ramani ya Google haifunguki, na jina la hoteli analo kwa herufi za Kilatini ambazo dereva wa teksi hazimsaidii. Kwa hiyo hatua tatu za mwanzo hapa zifanye ukiwa bado nyumbani, iwe Dar, Mombasa au Bujumbura.

Kabla hata ya kukata tiketi, tazama kalenda. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia mwishoni mwa Januari au katika Februari, na viwanda na maduka ya jumla hufungwa, mengine kwa wiki kadhaa. Maonyesho ya biashara ya Canton ya Aprili na Oktoba ni mazuri kwa mwenye kutafuta viwanda, ila bei za hoteli hupanda. Kama unafuata bidhaa za sokoni tu, kwepa vyote viwili.

Hatua ya 1: Malipo

Pakua Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu. WeChat nayo ni muhimu kwa kuwasiliana na wauzaji, lakini usajili wake mara nyingine hudai mtu mwenye akaunti akuthibitishe, basi usiitegemee peke yake. Kwenye Alipay jisajili kwa namba yako ya nyumbani, weka taarifa za pasipoti, kisha unganisha kadi ya Visa au Mastercard.

Halafu pigia benki yako. Waambie wafungue kadi kwa manunuzi ya mtandaoni na ya nje ya nchi, na uulize kikomo cha matumizi kwa siku. Na hili wengi hulisahau: namba za uthibitisho za benki huja kwa SMS kwenye laini ya nyumbani. Laini hiyo isitoke kwenye simu, na romingi iwe imewashwa.

Dukani, malipo huenda kwa namna mbili. Ama muuzaji anaskani simu yako, ama wewe unaskani karatasi ya QR aliyoibandika mezani, unaandika kiasi mwenyewe na kuthibitisha. Vibanda vingi vina kispika kidogo kinachotangaza kwa Kichina pesa iliyoingia. Muuzaji akishaisikia hata hainui uso kukutazama. Kikikaa kimya, usiondoke, mwonyeshe skrini yako.

Malipo yasiyozidi yuani 200 kwa kadi ya kigeni hayana makato. Yakizidi hapo unakatwa asilimia 3. Na kuna QR za watu binafsi, kama za wauza matunda wa barabarani, ambazo kadi ya kigeni huzikataa. Ndiyo maana uwe na noti ndogondogo mfukoni. Dola badilisha benki, ukiwa na pasipoti. Wale wa kukunong'oneza barabarani waachie wenyewe.

Hatua ya 2: Intaneti

Wi-Fi ya hoteli na laini ya Kichina hazitakufungulia Google, WhatsApp wala Instagram. Romingi ya laini ya nyumbani au eSIM ya kimataifa (laini ya kidijitali isiyo na kadi) kwa kawaida hupita. Nunua eSIM kabla ya kuondoka, kisha pakua kwenye programu ya tafsiri lugha ya Kichina itakayofanya kazi bila mtandao.

Hatua ya 3: Anwani

Mwombe mwenye hoteli akutumie jina, mtaa na namba ya simu kwa herufi za Kichina. Hifadhi kama picha, na nyingine ichapishe kwenye karatasi. Simu huzima chaji.

Hatua ya 4: Kutoka uwanjani

Wageni wengi kutoka Afrika hufikia mtaa wa Xiaobei. Kwa metro, panda njia namba 3 hadi Jiahewanggang, badilisha kwenda namba 2 hadi kituo cha reli cha Guangzhou, kisha namba 5, kituo kimoja tu. Kila stesheni begi linapita kwenye mashine ya ukaguzi. Usiku wa manane metro imelala. Nenda kwenye foleni rasmi ya teksi, hakikisha mita imewashwa.

Hatua ya 5: Usajili polisi

Hoteli hukusajili yenyewe inaponakili pasipoti yako. Ukilala kwa ndugu au rafiki, sheria inakutaka ujisajili kituo cha polisi cha eneo hilo ndani ya saa 24, na mwenyeji wako aende nawe na karatasi za nyumba. Usilichukulie kama jambo la kesho. Pasipoti tembea nayo, huulizwa.

Hatua ya 6: Masoko

Mikoba ipo Sanyuanli, nguo Baima karibu na kituo cha reli, saa za mkononi na viatu barabara ya Zhanxi. Yote haya ni ukanda mmoja, siku mbili zinatosha kuzunguka bila kununua. Nenda asubuhi, maana maduka ya jumla hufunga mapema kuliko maduka ya kawaida. Samani na vigae vipo Foshan, na metro inafika. Chakula halali Xiaobei hakisumbui: tafuta migahawa ya Wahui, yaani Waislamu wa Kichina, tambi zinavutwa kwa mkono mbele yako.

Ukitaka vifaa vya umeme na simu, nenda Shenzhen kwa treni ya kasi. Treni nyingi za huko huondoka Guangzhou Kusini, kituo tofauti kabisa na kile cha reli cha karibu na Baima. Njia namba 2 ya metro inaishia hapo. Tiketi ni pasipoti yako yenyewe, na mgeni mara nyingi hupita dirisha lenye mhudumu badala ya geti la mashine, kwa hiyo fika mapema.