Kujumlisha tarehe na muda wenye desimali bila kupoteza sekunde

Andika hii kwenye Python:

    jumla = 0.0
    for i in range(10):
        jumla += 0.1
    print(jumla)
    print(int(jumla * 3600))

Saa 0.1 mara kumi ni saa moja, yaani sekunde 3600. Lakini utaletewa 0.9999999999999999, kisha 3599. Sekunde imepotea na hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea. Ndiyo maana nalichukulia jambo hili kwa uzito: linajificha hadi ripoti zianze kupishana.

Hatua ya 1: Jua sekunde inapotelea wapi

Kompyuta huandika desimali kwa nusu, robo, thumuni na kuendelea kugawa kwa mbili. Saa 6 ni siku 0.25, saa 3 ni siku 0.125, hizo zinakaa sawasawa. Saa 1 ni siku 1/24, na kwa kuwa 24 inagawanyika kwa 3, hakuna namna ya kuiandika kamili kwa mtindo huo.

Siku ina sekunde 86,400. Igawe namba hiyo kwa 2 mpaka ikatae, utabaki na 675. Kwa hiyo ukihifadhi muda kama sehemu ya siku, jinsi Excel inavyofanya, sekunde nzima zinazoandikika bila kasoro ni zile zinazogawanyika kwa 675 tu: moja kila dakika 11 na sekunde 15. Kwa siku nzima ni 128. Nyingine zote ni makadirio, baadhi yamezidi kidogo, baadhi yamepungua kidogo.

Kasoro yenyewe ni ndogo mno. Tarehe 15 Machi 2023 kwenye Excel ni siku ya 45000, na hapo kasoro haifiki hata mikrosekunde moja. Kinacholeta madhara ni kukata desimali badala ya kukadiria hadi namba nzima iliyo karibu. Saa 07:00:00 ya siku hiyo imehifadhiwa ikiwa imepungua kidogo sana. Ukiikata kwa int, amri ya Python inayotupa desimali, unapata 06:59:59.

Hatua ya 2: Hifadhi namba nzima

Chagua kipimo kidogo kinachokutosha, milisekunde au mikrosekunde, na hesabu zote zifanyike humo. JavaScript huhesabu tarehe kwa milisekunde. Timedelta, aina ya Python ya kuhifadhi muda, na hifadhidata ya PostgreSQL hufika mikrosekunde.

Hatua ya 3: Kadiria mara moja, desimali inapoingia

    def kwa_ms(saa):
        return round(saa * 3600000)

Baada ya hapo jumlisha namba nzima tu. Ukikadiria tena katikati ya hesabu, kasoro zinarundikana.

Angalia kanuni ya kukadiria pia. round(2.5) ya Python inatoa 2, kwa sababu nusu hupelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu, Math.round(2.5) ya JavaScript inatoa 3. Kama seva na kivinjari vyote vinapiga hesabu ileile, kazi hiyo ipe upande mmoja. Na usiipe JavaScript nusu siku moja kwa moja: new Date(2024, 0, 1.5) inaitupa nusu hiyo na kukurudishia usiku wa manane wa Januari 1.

Hatua ya 4: Usikubali nusu mwezi

Hapa hakuna fomula ya kukuokoa. Mwezi una siku 28 hadi 31, kwa hiyo nusu yake haina urefu maalumu. Ukiiandikia PostgreSQL interval '1.5 months', inakupa mwezi 1 na siku 15, kwa kuuhesabu mwezi kuwa siku 30 hata kama ni Februari. Aliyeomba nusu mwezi aulizwe anataka siku ngapi.

Siku moja na nusu nayo inahitaji swali. Mahali wanapobadilisha saa kwa majira, kuna siku ya saa 23 na nyingine ya saa 25. Je, anataka saa 36 kamili, au kesho saa hizihizi kisha saa 12 mbele?

Hatua ya 5: Pima kila sekunde ya siku

    for s in range(86400):
        siku = 45000 + s / 86400
        assert round((siku - 45000) * 86400) == s

Jaribio hili linapita lote. Weka int mahali pa round, na litakwama s ikiwa 2 tu.