Somo: Kunoa Ubunifu kwa Kubuni Kanga kwenye Karatasi

Wanachama wengi wamekuwa wakiuliza namna ya kukuza ubunifu, na karibu kila swali limebeba dhana moja ambayo ningependa tuiweke kando kabla ya kushika penseli, nayo ni kwamba mbunifu ni mtu anayengoja wazo limshukie, na kwamba akipewa uhuru wote, vifaa vyote na muda wote, wazo hilo litamjia haraka zaidi. Kufundisha watoto na watu wazima kumenionyesha kinyume chake. Mpe mtu karatasi nyeupe umwambie achore chochote apendacho, naye atachora nyumba, mnazi na jua lenye miale. Mpe mstatili mdogo, rangi tatu na mstari mmoja wa maneno, umkataze kutoka humo, naye ataanza kuhangaika. Na katika kuhangaika huko ndiko akili inakoanza kuzaa.

Ndiyo maana nimechagua kanga. Kila msomaji wa somo hili ameiona, na wengi wamebebwa nayo mgongoni, lakini ni wachache waliowahi kuitazama kama kazi ya sanaa yenye kanuni zake. Ina pindo linaloizunguka pande zote, ina mji ambao ndio uwanja wa katikati, na ina jina, yaani ule usemi unaokaa sehemu ya chini ya mji, juu kidogo ya pindo. Asili yake nayo ni somo tosha: inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zilizokuwa bado hazijakatwa kutoka kwenye jora, wakaunga vipande sita, vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi jipya kabisa. Wenzetu wa Mombasa wanaliita leso hadi leo. Mtu wa kwanza kufanya hivyo alitazama kitambaa cha kufutia uso akaona nguo ya kujifunga, na uwezo huo wa kuona kitu ndani ya kitu kingine ndio tunaoutafuta hapa.

Vifaa ni daftari la mazoezi, penseli, rula na rangi tatu za aina yoyote. Kifutio kiacheni nje ya chumba.

Hatua ya kwanza: wiki moja ya kutazama

Kwa siku saba, andika kila siku mambo matatu uliyoyaona au kuyasikia, bila kuyapamba na bila kuyatolea hukumu. Usiandike kwamba safari ya daladala ilikuwa ya kuchosha. Andika maneno yenyewe aliyoyasema utingo alipodaiwa chenji. Usiandike kwamba fundi cherehani ni hodari; andika anaziweka wapi pini wakati mikono yake yote miwili ina kazi. Hatua hii huonekana nyepesi, na kwa hiyo watu huiruka, kisha hufika hatua ya nne wakiwa hawana kitu mfukoni.

Pamoja na maandishi hayo, chagua kifaa kimoja cha nyumbani ukichore mara tano, kila siku kutoka upande tofauti. Mimi hupenda kutumia mbuzi ya nazi, kile kibao kinachokunjwa chenye ulimi wa chuma wenye meno. Siku ya kwanza utachora mbuzi unayoijua kichwani, wala si ile iliyo mbele yako. Siku ya tatu utagundua kwamba miguu yake hukatana mahali ambapo hukuwahi kupaona. Siku ya tano iweke karibu na taa, uchore kivuli chake ukutani, na hapo utaona shingo iliyonyooshwa na kichwa kilichoinama, ukaelewa kwa nini watu wa zamani waliipa jina la mnyama. Lugha yetu imejaa kazi ya namna hiyo iliyofanywa na watu wasiojulikana: kuna aliyeuona uwanja wa katikati ya kanga akauita mji, na kuna walioliona lile pambo lililopinda ncha wakaliita korosho.

Hatua ya pili: kujiwekea mipaka

Kanga ya kawaida huwa na urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa sentimita 110. Chora mstatili wa sentimita 15 kwa 11, ili kila sentimita moja ya karatasi isimame badala ya sentimita kumi za kitambaa. Chagua rangi tatu sasa hivi, uandike majina yake pembeni, na usibadilishe tena hata kama kesho utajuta.

Anayeona masharti haya kuwa ni kifungo na amkumbuke Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 akitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari. Rangi ile ni nzito, inang'aa na haikubali kuchanganywa kwa ulaini kama rangi za wachoraji waliosomea. Kwa hiyo picha zake zikawa za maumbo makubwa, yenye rangi kali na mipaka iliyo wazi. Kile ambacho mwingine angekiita upungufu wa vifaa kikawa ndio mtindo wenyewe. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi hiyo, na mtindo unaoitwa kwa jina lake bado unachorwa.

Hatua ya tatu: pindo

Gawanya ukingo wa mstatili wako kuwa visanduku vya sentimita moja. Ukihesabu vizuri utapata visanduku 48 kuzunguka pande zote nne. Sasa chagua maumbo utakayoyarudia, na hapa ndipo hesabu inapoingia katika sanaa. Ukianzia kwenye pembe na kupokezanisha maumbo mawili, pembe zote nne zitaangukiwa na umbo lilelile, na pindo litatulia. Ukitumia maumbo matatu, mzunguko utafunga sawasawa, lakini pembe zinazotazamana kwa mshazari tu ndizo zitakazofanana, na kanga itaonekana kama inayoyumba kidogo, jambo ambalo binafsi ninalipenda. Ukitumia matano, utabakiwa na visanduku vitatu visivyo na mwenyewe.

Kanga yangu ya kwanza ya karatasi ilikuwa na maumbo matano, na sikuwa nimehesabu. Nilikasirika, nikataka kuichana, kisha nikavijaza vile visanduku vitatu kwa umbo la sita ambalo halikuwa popote pengine, kama kiraka. Kila aliyeiona aliuliza kuhusu kile kiraka. Hakuna aliyeuliza kuhusu maumbo matano niliyoyahangaikia usiku kucha.

Hatua ya nne: mji

Rudi kwenye daftari lako la wiki nzima uchague jambo moja tu la kuweka katikati. Kanga zimewahi kubeba korosho, mananasi, maua, sura za viongozi, hata jembe na nyundo, kwa hiyo hakuna kitu kilicho duni mno kwa mji. Kosa la kawaida ni kujaza. Mji wenye vitu saba ni soko, na jicho halijui likae wapi. Ukikwama, chukua mambo mawili ya daftari yasiyohusiana kabisa, uyaulize yanafanana wapi: meno ya mbuzi ya nazi na meno ya zipu, pini za fundi cherehani na miiba ya samaki. Mengi hayatazaa kitu. Fanya majaribio kumi, na ukibahatika mawili yatakuwa na uhai.

Hatua ya tano: jina

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya niandike somo hili. Jina zuri la kanga ni fupi, lina mwendo, na linasema na watu wote huku likimlenga mmoja. Halielezi picha ya mjini, wala picha haielezi jina. Vinatazamana tu kwa mbali.

Andika majina kumi, uyasome kwa sauti, uhesabu mizani, kisha ukate tisa. Nitawaonyesha nilivyofanya mwenyewe, nikianza na mbuzi ya nazi iliyosahauliwa stoo kwa sababu tui siku hizi hununuliwa tayari kwenye pakiti. Jaribio la kwanza lilikuwa "Siku hizi watu hawatumii tena mbuzi ya nazi", mizani 18, na hiyo ni taarifa ya habari. La pili likawa "Mbuzi wa jikoni amesahaulika", ambalo angalau limeanza kucheza, kwa kuwa sasa kifaa kimepewa upatanisho wa kiumbe hai, lakini bado linalalamika. Nikajiuliza mbuzi huyu anatofautiana vipi na mbuzi wengine, nikapata "Mbuzi wangu hali majani", mizani 9. Nilipolisoma kwa sauti lilikuwa linajikwaa mwishoni. Nikalipunguza likawa:

Mbuzi wetu hali nyasi

Mizani 8 kamili, sawa na kipande kimoja cha mshororo wa shairi la mizani 16. (Kumbukeni kwamba "mbu" ya mbuzi ni silabi moja, tofauti na "m" ya mtaka, inayosimama peke yake, kwa sababu hiyo "Mtaka cha mvunguni" nayo ni mizani 8.) Mgeni atalisoma kama kitendawili, mwenye kuiona picha ya mji atacheka, na jirani aliyezoea kutupima kwa kipimo cha watu wengine atajiuliza kama ameambiwa yeye. Sikukusudia maana hiyo ya tatu. Ilikuja yenyewe nilipokuwa ninapunguza maneno.

Kazi ikikamilika, ifunike kwa siku tatu. Ukiifunua, badilisha kitu kimoja, kimoja tu, kisha uanze kanga nyingine.

Maswali ya wanachama

Mwanachama kutoka Tanga: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhasibu, sichori wala siimbi. Hatua hizi zinanisaidia nini katika maisha ya kila siku?

Marahaba. Anza na hatua ya kwanza peke yake na uifanye mwezi mzima, kisha uhamishie hatua ya pili jikoni: pika siku moja kwa kilichopo ndani tu, bila kwenda sokoni wala dukani. Utakuwa unafanya kilekile ambacho mchoraji hufanya kwa rangi tatu. Kuhusu kutochora, ninaomba uniamini kwamba mtu anayeweza kuona kosa la shilingi mia katika kurasa arobaini za hesabu ana jicho ambalo wachoraji wengi wangelitamani.

Mwanachama, mwalimu wa shule ya msingi: Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya sabini na hakuna rangi. Nifanyeje?

Rangi zipo, ila hazijawekwa kwenye makopo. Mkaa uliosagwa hutoa nyeusi, udongo mwekundu uliochekechwa hutoa rangi ya matofali, na bizari ya manjano hutoa njano kali, ingawa hupauka ikikaa juani. Changanya kila moja na uji mwepesi wa unga wa muhogo ili ishike kwenye karatasi, na utengeneze wa siku hiyohiyo kwa kuwa huchacha upesi. Wagawe wanafunzi katika makundi ya sita, kila kundi kanga moja: wanne wagawane pande za pindo, mmoja mji, mmoja jina. Makelele yatakuwepo, hasa pembeni, mahali ambapo pande mbili za pindo hukutana na kugundua kwamba hazikusikilizana. Waacheni wabishane wenyewe.

Mwanachama kutoka Nairobi: Mwanangu ana miaka saba, na kila siku hunakili katuni zilezile za kwenye televisheni. Je, nimkataze?

Usimkataze. Kunakili ni njia ya kale ya kujifunza, na wanafunzi wa wachongaji huanza kwa kuiga kazi za mafundi wao. Umpe sharti dogo tu: katuni huyo leo amekuja kwenu, amekaa jikoni, na hajui kula ugali. Mtoto atalazimika kuchora jiko lenu, na jiko lenu haliko kwenye televisheni.

Mwanachama mwingine: Je, ni kosa kutumia methali iliyopo badala ya kutunga jina langu?

Si kosa hata kidogo, kwa kuwa kanga nyingi zimefanya hivyo na methali ni mali ya wote. Katika zoezi hili, hata hivyo, ninaomba methali iguswe mahali pamoja, neno moja libadilike, ili msomaji aanze kwa kuitambua na amalize kwa kushtuka.

Mwanachama: Simu yangu ina programu inayochora picha nikiiandikia maelezo. Kwa nini nisiitumie kwa hatua ya nne?

Itakupa mji mzuri ndani ya sekunde chache, lakini itakunyima ile siku ya tano ya kivuli ukutani. Ukitaka, itumie baada ya kumaliza, ulinganishe.

Mwanachama kutoka Muscat: Marehemu mama yangu aliniachia kanga yenye jina "Japo sipati tamaa sikati". Sijui aliinunua kwa ajili ya nani wala kwa nini, na ningependa kuanza zoezi langu na kanga hiyo.

Pole sana, na umechagua vyema. Kwanza waulize waliomjua mama kama wanakumbuka aliivaa wapi na mbele ya nani, na uyaandike maneno yao kama yalivyo, kama tulivyofanya katika hatua ya kwanza. Kisha usiinakili kanga hiyo, bali ijibu, kwa sababu wanawake wa pwani wamekuwa wakijibizana kwa kanga tangu zamani. Pindo lako lichukue umbo moja kutoka kwenye pindo lake, mji uwe wako, na rangi moja kati ya tatu iwe imetoka kwake. Jina lake lina mizani 11. La kwako nalo liwe na 11, na neno "tamaa" usilitumie.