Jinsi ya kuomba nafasi Hifadhi ya Kruger ukitokea Tanzania: kuanzia pasipoti hadi getini

Mtanzania akisema anakwenda Afrika Kusini kutazama wanyama, ataulizwa papo hapo: kwani Serengeti imeisha? Haijaisha. Ila Kruger ina jambo ambalo si rahisi kulipata kwetu: barabara za lami ndani ya hifadhi, na ruhusa ya kuingia na gari dogo la kukodi ukaendesha mwenyewe na familia yako, bila Land Cruiser ya kampuni na bila dereva wa kulipwa kwa siku. Hifadhi yenyewe ni kubwa, takribani kilomita za mraba 20,000, na ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1926. Kambi zake kuu zinaendeshwa na shirika la hifadhi za taifa la nchi hiyo, SANParks, na mtu wa kawaida anaweza kuomba nafasi moja kwa moja bila wakala.

Kinachowakwamisha wengi ni mpangilio. Wanaona ofa ya ndege, wananunua, halafu ndipo wanagundua pasipoti imebakiza wiki chache au kambi zote zimejaa. Anza na kile kinachochelewa zaidi: pasipoti, kisha chanjo, kisha nafasi ya kulala, kisha ndege, mwisho gari.

Hatua ya kwanza: pasipoti, na jina lililomo

Kama huna pasipoti, ombi hujazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Andaa cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo kuhusu uzaliwa wake, namba ya NIDA, picha, na kielelezo cha safari unayokusudia. Ada ya pasipoti ya kielektroniki kwa mtu mzima ni shilingi 150,000: unatanguliza 20,000 ya fomu, na 130,000 zinafuata. Malipo yote yanapita kwenye kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo wenyewe. Mtu akikuambia umtumie pesa kwenye namba yake ya simu ili "alisukume faili", huyo ni kishoka, hata kama amesimama mlangoni pa ofisi na bahasha mkononi.

Fomu ikishakubali, ichape, ipeleke ofisi ya Uhamiaji pamoja na nyaraka halisi, upigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Hapo ndipo majina hukaguliwa herufi kwa herufi. Cheti kimeandikwa Mwanaidi, NIDA imeandika Mwanaid, na kwenye kiapo cha mama ukoo umeandikwa kwa "w" mbili: faili linarudi. Rekebisha NIDA kwanza kabla hujajaza chochote, maana jina litakalotoka kwenye pasipoti ndilo litakaloandikwa kwenye tiketi, kwenye nafasi ya kambi na kwenye mkataba wa gari.

Mwenye pasipoti tayari aangalie vitu viwili. Iwe hai kwa siku zisizopungua 30 baada ya tarehe unayokusudia kuondoka Afrika Kusini, na iwe na kurasa mbili tupu. Mashirika ya ndege mengine ni wakali kuliko sheria yenyewe, kwa hiyo ikiwa imebakiza chini ya miezi sita, mimi ningeibadilisha tu.

Viza? Mtanzania haihitaji kwa matembezi, anaruhusiwa siku 90 kwa mwaka. Mkenya naye ameondolewa viza tangu tarehe 1 Januari 2023, siku 90 kwa mwaka. Wenye pasipoti za nchi nyingine waanze kwa kuuliza ubalozi wa Afrika Kusini, kwa sababu jibu linatofautiana na ombi la viza linaweza kula muda kuliko hatua zote zilizobaki.

Watoto wanahitaji sentensi zao. Mwaka 2015 Afrika Kusini iliweka masharti makali ya vyeti kwa wasafiri wa chini ya miaka 18, kisha ikayalegeza mwaka 2019 kwa watoto wa nchi zisizohitaji viza. Beba hata hivyo: cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, barua yake ya ridhaa iliyothibitishwa na wakili pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Afisa anayetilia shaka saa tisa usiku hutaweza kumshawishi kwa maneno. Na ikiwa safari yenu itavuka hadi Botswana au Namibia, vyeti hivyo ni vya lazima.

Hatua ya pili: chanjo ya homa ya manjano

Hapa watu hubishana bure. Afrika Kusini inadai cheti kwa msafiri aliyetoka, au aliyepita na kukaa uwanjani zaidi ya saa 12, katika nchi yenye hatari ya homa ya manjano. Kenya na Ethiopia zimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo tiketi ya bei nafuu inayokulaza Nairobi au Addis Ababa usiku kucha inakubadilishia masharti, ingawa wewe ni mtu wa Morogoro. Chanja. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, hata kama ni kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi. Kabla hujatoka kituoni, hakikisha jina ni lile la pasipoti, muhuri upo, sahihi ipo na namba ya toleo la chanjo imeandikwa.

Malaria iko Kruger pia, hasa miezi ya mvua. Ongea na daktari kuhusu dawa za kinga, na usijidanganye kwamba kwa kuwa umekulia Kilombero mbu wa kule watakuheshimu.

Hatua ya tatu: kuomba nafasi ya kulala

Fungua akaunti kwenye tovuti ya SANParks. Chagua hifadhi, kambi, tarehe, kisha aina ya malazi: uwanja wa hema, hema la kudumu, nyumba ndogo ya mviringo, au nyumba ya familia yenye jiko. Nafasi hufunguliwa miezi mingi kabla. Ukilenga Juni na Julai au Desemba, elewa kwamba likizo za shule zao zinagongana na zetu, na vitanda vya kusini mwa hifadhi ndivyo vinavyokwisha mapema. Kwa kuona wanyama, miezi ya kiangazi kuanzia Mei hadi Septemba ndiyo bora: majani yamepungua na wanyama wanafuata maji. Asubuhi ya Juni kule ni baridi ya Makete, si ya Dar. Sweta moja halitoshi.

Kambi gani? Skukuza ni kubwa, ina kila kitu, na ina watu. Lower Sabie ipo kando ya mto na mazingira yake ni tajiri kwa wanyama. Satara, katikati ya hifadhi, inasifika kwa simba. Kaskazini, Shingwedzi na Punda Maria ni kwa anayetaka ukimya na haoni shida kuendesha muda mrefu bila kukutana na mnyama mkubwa. Mgeni wa mara ya kwanza ningemwambia alale Lower Sabie, kisha ahamie Satara, umbali wa kilomita 93 tu, ambazo ni safari ya nusu siku.

Kwenye fomu utaulizwa uraia wa kila mgeni. Usiruke sehemu hiyo. Kiingilio cha hifadhi, kinachotozwa kwa kila mtu kwa kila siku, kina ngazi tatu: wenyeji wa Afrika Kusini, raia wa nchi za SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika), na wageni wengine wote. Tanzania ni mwanachama wa SADC, hivyo unalipa takribani nusu ya anacholipa mtalii wa Ulaya. Kenya si mwanachama, na jirani yako wa Namanga upande wa pili atalipa kiwango cha juu. Kinachohesabika ni pasipoti utakayoonyesha getini, siyo unapoishi: Mtanzania anayeishi London kwa pasipoti ya Tanzania analipa kiwango cha SADC, aliyechukua uraia wa Uingereza halipi hicho. Ukijaza "mgeni wa kimataifa" kwa haraka, ukaenda na familia ya watu watano kwa siku nne, umepoteza pesa ya gari la kukodi.

Malipo ni kwa kadi. Kabla hujabonyeza, piga simu benki wakufungulie malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi, na uhakikishe laini inayopokea ujumbe wa namba ya siri ndiyo iliyo kwenye simu yako. Mfumo hauwezi kukushikia nafasi milele huku ukitafuta laini ya zamani. Ukilipa, utatumiwa barua ya uthibitisho yenye namba ya nafasi. Chapa nakala mbili.

Asiyelala ndani naye aombe kabla. Kila geti lina idadi ya wageni wa kutwa linaowaruhusu, na siku za sikukuu watu hurudishwa. Matembezi ya kuongozwa na askari wa hifadhi huombwa humo humo: gari la jioni halichukui mtoto wa chini ya miaka 6, na matembezi ya miguu ni kuanzia miaka 12.

Hatua ya nne: ndege na gari

Tiketi inunuliwe sasa, na saa ya kutua ina uzito kuliko bei. Kutoka uwanja wa O.R. Tambo, Johannesburg, hadi mageti ya kusini ni mwendo wa kama saa tano kwa barabara ya N4 kupitia Mbombela. Ukitua baada ya saa sita mchana, lala njiani. Usiendeshe usiku, na kuhusu geti la Numbi, ambako mtalii Mjerumani aliuawa kwa risasi barabarani karibu na hapo Oktoba 2022, mimi hupendelea kumwelekeza mtu Malelane, ambalo liko pembeni kabisa mwa N4.

Kampuni za kukodisha magari huko hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, ili zizuie kiasi cha dhamana. Kadi ya kawaida ya benki, hata iwe na mamilioni, mara nyingi hukataliwa kaunta. Uliza kwa barua pepe kabla, na uchape jibu. Leseni iwe na picha na sahihi, na iwe inasomeka kwa Kiingereza. La sivyo tafuta leseni ya kimataifa. Uendeshaji ni kushoto kama nyumbani. N4 ina vituo vya kulipia barabara, weka randi mkononi, ila kumbuka ukomo wa kuingia na randi taslimu ni 25,000 kwa mtu.

Hatua ya tano: dirisha la uhamiaji

Utaulizwa unakwenda wapi, utakaa siku ngapi, na tiketi ya kurudi iko wapi. Barua ya uthibitisho ya Kruger ni jibu zuri kuliko maelezo marefu, kwani inaonyesha jina, tarehe na kwamba umeshalipa. Muhuri ukigongwa, soma tarehe hapo hapo kabla hujaondoka dirishani. Usidhani kila mtu hupewa siku 90. Unapewa alizoandika afisa. Ukizidisha hata kwa siku chache unaweza kufungiwa kuingia kwa miezi 12, na ukizidisha kwa zaidi ya siku 30, miaka mitano.

Hatua ya sita: getini

Toa uthibitisho na pasipoti za watu wote, ujaze fomu ya kukiri kwamba unaingia kwa dhamana yako mwenyewe, upokee kibali. Kibali hicho kitunze vizuri kwenye gari: kitaombwa kambini na kitaombwa tena siku ya kutoka. Ndege zisizo na rubani haziruhusiwi kabisa.

Sasa saa. Kuanzia Mei hadi Julai mageti hufungwa saa 11:30 jioni. Novemba hadi Februari ni saa 12:30 jioni. Ukomo wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa kwenye lami na 40 kwenye vumbi, lakini usipige hesabu kwa 50. Piga kwa 25, kwa sababu tembo akisimama barabarani hakuna wa kumpigia honi. Malelane hadi Skukuza ni kilomita 64, yaani saa mbili na nusu. Ukifika Malelane saa 10 jioni mwezi Juni umeshachelewa. Geti la Paul Kruger liko kilomita 12 tu kutoka Skukuza, na Phabeni kilomita 38. Ukiona muda umebana, badili geti badala ya kukanyaga mafuta. Ukikutwa barabarani baada ya saa ya kufunga utatozwa faini. Kambini vyumba hutolewa kuanzia saa 8 mchana na hurudishwa saa 4 asubuhi.

Wakati wa kurudi

Bidhaa ulizonunua na unazotoka nazo, zikizidi randi 250 kwa jumla, zinakuwezesha kuomba kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15. Chakula ulichokula na vyumba havihesabiwi. Dai risiti ya kodi dukani, si ile ya mashine ya kadi, na ukifika O.R. Tambo nenda kaunta ya kodi kabla hujakabidhi mizigo, kwa sababu wanaweza kutaka kuviona vitu vyenyewe. Foleni yake ni ndefu jioni, hivyo ongeza saa nzima juu ya muda uliopanga kufika uwanjani.