Kava za nta ya nyuki kwa ajili ya shandelia, namna ya kutengeneza mwenyewe nyumbani

Wenye shandelia zile za matawi mnavijua vile vikava vya plastiki vya mfano wa mshumaa vinavyovalishwa kwenye holda, vikizeeka vinapauka vinapasuka na shandelia nzima inaonekana chakavu hata kama vioo vinang'aa. Sisi wa Dodoma nta haiko mbali, ukiongea vizuri na wauza asali wa Manyoni au Kondoa wanakupatia, na kava ya nta halisi ikiwashwa taa ule mng'ao wake plastiki haiwezi kuutoa.

Kwanza kabisa balbu. Tumia LED ya wati 3 au 4 basi, maana nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 na inaanza kulegea mapema zaidi, kama kwenye 35 hivi. Kama bado una balbu za waya za wati 40 usianze hii kazi mpaka uzitoe zote.

Haya, zima umeme kwenye meni swichi, sio swichi ya ukutani peke yake, kuna nyumba fundi amefunga swichi kwenye waya usio sahihi na holda inabaki na moto hata taa ikiwa imezima, kwa hiyo pima na tesita. Fungua balbu, vuta kava ya zamani, chukua urefu wake na upana wa ndani. Usichukue kipimo cha mtu mwingine, holda zinatofautiana.

Karatasi ngumu ya manila ndiyo mfupa wa kava, nta ni ngozi tu. Tafuta kipande cha bomba au mti wenye unene sawa na upana ule wa ndani, kizungushie nailoni, paka manila gundi ya mbao na uivingirishe juu yake kwa kukaza, mizunguko minne au mitano. Iache ikauke mpaka kesho yake, chomoa, piga msasa kwenye midomo, halafu ijaribu kwenye holda kabla hujagusa nta. Iingie bila kulazimisha, na juu ibaki chini kidogo ya mdomo wa holda ili balbu ikaze mpaka mwisho.

Nta iyeyushe kwenye kopo refu lisilo na kutu, kopo likae ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe usiiweke moja kwa moja kwenye jiko. Mfuniko uwe karibu, ikishika moto funika, usimwage maji. Ichuje kwa kitambaa cha pamba, iache kwenye nyuzi 70 hadi 75, ikipita 85 inaanza kuwa nyeusi nyeusi.

Ziba midomo yote miwili kwa gunzi la mahindi lililochongwa, nta isiingie ndani. Chovya wima, chap, toa taratibu, subiri mpaka ukigusa hainati kwenye kidole ndio uchovye tena. Mara tatu inatosha. Nta ikiwa ya moto sana, ile ya mara ya pili inakula ya kwanza.

Sasa michirizi, ile ya nta kama ya mshumaa unaoyeyuka, na hapa usiwe na haraka kabisa. Acha nta ipoe mpaka uone utando unaanza pembeni ya kopo, chota na kijiko cha chai, mwaga kidogo kidogo kwenye ukingo wa juu na uiache ishuke yenyewe. Mmoja uishie karibu na mdomo, mwingine ufike katikati, mwingine uuongezee tone juu yake ukishapoa uwe mnene. Ikilingana yote jicho linagundua hapo hapo kwamba sio mshumaa.

Toa magunzi nta ikiwa bado na uvuguvugu, sawazisha midomo kwa wembe, ndani kuwe kukavu. Valisha, funga balbu, isiguse nta. Washa saa moja, zima, shika kava, ikiwa imelainika punguza wati.

Baridi ya Juni na Julai inaweza kuleta unga mweupe juu ya nta, ni kawaida, futa na kitambaa laini kikavu, vumbi pia hivyo hivyo. Ila kama shandelia yako inaning'inia karibu na bati na hakuna siling bodi, joto la Oktoba na Novemba litazilegeza, hapo baki na plastiki.