Kiwanja kimelala? Mpe jirani alime

Kama una uwanja nyuma ya nyumba unaoota magugu tu, au kiwanja Chanika ama Kigamboni ambacho bado hujapata pesa ya kukijenga, usikiache kiwe jalala la mtaa. Mpe jirani anayetaka kulima. Dar wapo wengi wanaoijua kazi ila hawana pa kupanda hata tuta moja.

Cha kukubaliana mapema ni aina ya mazao. Ruhusu ya muda mfupi: mchicha huwa tayari ndani ya wiki 3 hadi 4, matembele unachuma yanachipua tena, bamia na chainizi nazo hazikawii. Migomba, minazi na miembe, hapana. Huku Pwani mti una mwenyewe hata kama ardhi si yake, na siku ukitaka kujenga huenda ukadaiwa fidia. Hapo ndipo majirani wema wanapogombana.

Andikeni karatasi: eneo gani, hadi lini, na akitakiwa kuondoka apewe muda wa kuvuna kilichopo. Mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Mita ya maji ikiwa moja, semeni mapema nani analipa nini. Na matuta yakae mbali na shimo la choo, tafadhali.

Kodi usidai. Mafungu mawili ya mboga kwa wiki yanatosha kabisa, tena kiwanja chenye mtu anayekishughulikia kila siku hakivamiwi kirahisi.