Somo: vipeuo na vipeo vya sehemu (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila muhula naulizwa lile lile: "8^(2/3) inapatikanaje?" Nimechoka kulijibu kwenye ujumbe wa faragha. Nalijibu hapa kwa ukamilifu.

1. √25 (kipeuo cha pili cha 25) ni 5, kwa kuwa 5 × 5 = 25. Kipeuo cha tatu cha 64 ni 4, kwa kuwa 4 × 4 × 4 = 64.

2. Katika 2^3, yaani 2 × 2 × 2, kizio ni 2 na kipeo ni 3. Kizio kikiwa kimoja, ukizidisha unajumlisha vipeo: 2^3 × 2^4 = 2^7.

3. Basi 9^(1/2) × 9^(1/2) lazima iwe 9^1, yaani 9. Namba gani chanya ikijizidisha hutoa 9? Ni 3. Kwa hiyo 9^(1/2) ni √9. Hii ni hatua ya 2 ile ile, msiikariri kama kanuni ngeni.

4. Namba ya chini ya sehemu ni kipeuo, ya juu ni kipeo. 32^(3/5): kipeuo cha tano cha 32 ni 2, na 2^3 ni 8. Anza na kipeuo. Ukianza na 32^3 utahangaika na 32,768 bure.

5. Kwa njia hiyo hiyo 8^(2/3) ni 4: kipeuo cha tatu cha 8 ni 2, na 2^2 ni 4. Kipeo hasi hupindua tu: 8^(-2/3) ni 1/4, si -4.

6. Hapa ndipo wengi wanaangamia. Alama √ haitoi jibu hasi kamwe. x ikiwa -5, x² ni 25, na √25 ni 5. Kwa hiyo √(x²) si x siku zote, ni |x|, yaani x bila alama ya kutoa. Sasa chukua √(x + 6) = x. Ukipandisha pande zote mbili kwa kipeo cha 2 unapata x² − x − 6 = 0, kisha x = 3 au x = −2. Zirudishe mwanzoni: √9 ni 3, sawa. √4 ni 2, si −2, basi hiyo itupe. Kupandisha kwa 2 hufuta alama ya kutoa, na jibu la uongo hupenya hapo. USIACHE KURUDISHA.

Onyo la pili: √(9 + 16) ni √25, yaani 5. Si 3 + 4. Kipeuo hugawika kwenye kuzidisha, si kwenye kujumlisha.

MASWALI

Kijana wa Kisauni: Maalim, 16^(3/4) ni ngapi? Haraka, kesho tuna mtihani.
— Hatua ya 4.

Kijana wa Kisauni: Nimepata 12.
— Umezidisha 16 kwa 3/4. Hatua ya 4, tena. Kipeuo cha nne cha 16 ni ngapi?

Mama Tudor: Kalkuleta ya mwanangu inatoa 21.33 kwa 8^2/3. Imeharibika?
— Haijaharibika, dada. Imepiga 64 kisha ikagawa kwa 3. Aweke mabano: 8^(2/3). Itatoa 4.

Msomi001: Umekosea. √25 ni 5 na −5.
— Sijakosea. Mlinganyo x² = 25 ndio wenye majibu mawili. Kama √ ingebeba yote mawili, kwenye fomula ya mlinganyo wa kipeo cha pili tungeandika ± ya nini?

Bint Mvita: Nani alianza kuandika hivi?
— Swali zuri. Alama √ imo katika kitabu cha Mjerumani Christoff Rudolff cha 1525. Vipeo vya sehemu Nicole Oresme wa Ufaransa alivifikiria karne ya 14, na Isaac Newton akavitumia waziwazi katika barua zake za 1676.

Fundi Likoni: Salaam aleikum maalim. Mimi naunda matangi, shule niliacha mapema. Mteja ataka tangi la lita 8,000, pande zote sawa. Haya yanifaa?
— Waleikum salaam fundi, yakufaa sana. Lita moja ni mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Upande wa tangi ni 8,000^(1/3), yaani 20. Mara sentimita 10 ni mita 2. Uso mmoja ni mita 4 za mraba. Nyuso sita, 24. Tangi la lita 1,000 hula bati ya mita 6 za mraba. Maji yameongezeka mara 8, bati mara 4 tu, kwa kuwa 8^(2/3) ni 4.

Fundi Likoni: Kumbe! Ndiyo maana tangi kubwa halili bati nyingi.
— Ndiyo hasa. Ongeza bati ya maungio. Maji yake yatakuwa tani 8, basi kama linakwenda juu ya dari, mhandisi alitazame zege kwanza.